Mbalamwezi ya Kagunga na kiapo kisichodumu

Usiku wa giza, ziwa lililo mbele ya kijiji cha mpakani cha Kagunga halilali. Kutoka ufukweni hadi mbali kuelekea upande wa Kongo, taa za wavuvi hutapakaa juu ya maji, na mgeni anaweza kudhani kuna mji mwingine umejengwa katikati ya Tanganyika. Dagaa hufuata mwanga, na mvuvi hufuata dagaa. Lakini mwezi ukikua hadi kuangaza anga lote, taa ya mvuvi hupoteza ujanja wake. Dagaa hutawanyika, mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu huanikwa, na vijana waliozoea kukesha majini hujikuta na vitu viwili ambavyo ni nadra kuwa navyo kwa pamoja: pesa mfukoni na usiku mtupu.

Siku za mbalamwezi ni siku za hesabu. Mwenye chombo huondoa gharama za mafuta, chakula na matengenezo, na kinachobaki hugawanywa. Kabla mwezi haujaanza kupungua, sehemu ya mgawo wa kijana imeshaishia kilabuni, na nyingine imezama ndani ya simu kwa jina la mkeka wa kubeti. Giza linaporudi naye anarudi majini, safari hii akiwa na deni la muuza duka na hasira ya mke.

Na mara nyingi, katikati ya mbalamwezi mbili, kuna Jumapili. Kijana huyo alisimama mbele ya kanisa, akanyoosha mkono, akalia machozi ya kweli na kusema kwamba sasa basi. Waliomwona kilabuni siku kumi baadaye walicheka na kumwita mnafiki. Walimwonea. Siku ile mbele ya madhabahu hakuwa anadanganya.

Makala haya ni juu ya mtu huyo ambaye hakudanganya na bado akashindwa. Wako wengi mwambao mzima wa ziwa hili, kuanzia mpakani hapa hadi Ujiji na kusini zaidi, na si wote ni wavuvi: yumo fundi, yumo mwalimu, yumo mama anayekopa ili alipe mkopo, yumo hata mzee wa kanisa mwenye ulimi usiojua kufunga mlango. Hoja yangu ni moja. Kiapo hushindwa kwa sababu kinapiganwa Jumapili mchana, wakati tabia inaishi Alhamisi usiku. Imani ya Kikristo, ikisomwa kwa makini, imelijua jambo hili tangu zamani, na watu wa ukanda wetu wamewahi kulitenda. Tatizo ni kwamba tumebaki na machozi tukasahau ratiba.

Somo la mwaka 2015

Kagunga ina kumbukumbu yake ya namna mazoea yanavyobadilika, na ni kumbukumbu chungu. Aprili 25, 2015, chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea urais kwa muhula wa tatu. Bujumbura ikawaka maandamano na risasi, na watu wakaanza kukimbia. Kijiji hiki cha mpakani, kilichobanwa kati ya mlima mkali na maji, kikapokea makumi ya maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache. Walijazana kwenye kipande chembamba cha ufukwe. Wakati ule hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa. Choo kilikuwa kichaka na mchanga, na maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwa lililo hatua chache kutoka kwenye kichaka hicho.

Mwezi Mei kipindupindu kikalipuka. Maelfu waliugua na zaidi ya watu 30 wakafa.

Watoa huduma za afya walipofika hawakuishia kuwaambia watu wanawe mikono. Mkimbizi aliyetoka Bujumbura alijua vizuri kwamba maji machafu yanaua. Alikunywa kwa sababu hayakuwepo mengine ambayo mkono wake ungeyafikia. Kwa hiyo kazi ikawa kuleta maji safi karibu, kuyatia dawa, kuchimba vyoo, kugawa maji ya chumvi na sukari kwa wagonjwa na, zaidi ya yote, kuwaondoa watu pale. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe, ikawapakia watu kwa mamia na kuwapeleka Kigoma mjini. Wengi walipumzishwa kwanza kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Silinganishi kipindupindu na ulevi kwa sababu ya ufundi wa maneno. Nayalinganisha kwa sababu Kagunga ilijionea kwa macho yake kwamba maarifa pasipo ndoo ya maji safi hayamwokoi mtu. Mahubiri mengi juu ya tabia mbaya ni tangazo la kunawa mikono lililotolewa mahali pasipo na maji. Msikilizaji anakubali kila neno, kisha anarudi kwenye ufukwe ule ule, kiu ile ile, na kikombe kile kile.

Alipio aliyefumba macho

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtume Paulo, katika sura ya saba ya waraka wake kwa Warumi, anaungama jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: lile jema analolitaka halitendi, na lile baya analolichukia ndilo anajikuta akilitenda. Aliyeandika hayo alikuwa mtume mzima, mtu aliyepigwa na kufungwa kwa ajili ya imani yake. Ikiwa yeye aliona vita hiyo ndani ya viungo vyake, yule mvuvi wa Kagunga hana sababu ya kudhani kwamba kushindwa kwake ni ushahidi kuwa hakuamini.

Miaka zaidi ya 300 baada ya Paulo, Mwafrika mmoja aliichunguza vita hiyo kwa undani ambao bado unashangaza. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi nia iliyopinda inavyozaa tamaa, tamaa ikitumikiwa inakuwa mazoea, na mazoea yasipopingwa yanageuka kuwa kitu ambacho mtu hawezi tena kukikosa. Ni pete zilizoshikana, anasema, na pamoja zinafanya mnyororo. Hakuna mtu aliyefungwa mnyororo mzima siku moja. Alivishwa pete moja moja, na kila moja ilionekana nyepesi.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kitabuni humo ni cha rafiki yake na mwenyeji mwenzake wa Thagaste, Alipio. Kijana huyu, akiwa mwanafunzi wa sheria jijini Roma, aliyachukia maonyesho ya watu wanaouana viwanjani. Siku moja marafiki walimvuta kwa utani hadi ndani ya uwanja. Alipio akawaambia kwamba mwili wake watauweka pale, ila macho na moyo hawatavipata. Akakaa na kufumba macho. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga kelele, na Alipio akafumbua macho aone kuna nini. Kuanzia hapo hakuyafumba tena. Alirudi uwanjani siku nyingine, na mara hiyo ndiye aliyewavuta wenzake.

Agostino anaona kosa la Alipio mahali ambapo sisi tusingeliona. Nia yake ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kuitegemea nia hiyo akiwa amekwisha kuketi uwanjani. Alifunga madirisha ya macho akasahau mlango wa masikio. Hebu mfikirie sasa mtu aliyeapa kuacha kubeti huku programu ya kubeti ingali kwenye simu yake, ujumbe wa ofa ukilia kila asubuhi, na marafiki wake wote wakikutana kwenye kibanda kilekile kujadili timu za Ulaya. Huyo ni Alipio mwenye bando.

Watafiti wa siku hizi wamefika palepale kwa njia nyingine. Wanaeleza kwamba tabia ina kichochezi kinachoiamsha, kitendo chenyewe, na malipo yanayoufanya ubongo uitamani tena. Kichochezi kinaweza kuwa saa fulani, harufu, rafiki, au upweke. Mtu akirudia vya kutosha, kitendo huanza kujiendesha kabla hajaamua. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti juu ya watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, ndogo ndogo na za kawaida. Kwa wastani iliwachukua siku 66 kabla tabia mpya haijaanza kujiendesha. Wepesi waliweza kwa siku 18. Wengine hesabu iliwaonyesha kwamba wangehitaji siku 254.

Kwa mtu wa ziwani, hesabu hiyo inasomeka vizuri zaidi kwa mwezi kuliko kwa kalenda ya ukutani. Siku 66 ni mbalamwezi mbili na ushee. Siku 254 ni karibu mbalamwezi tisa, sawa na mimba. Kwa hiyo aliyeokoka kilabuni Jumapili iliyopita na kuanguka mbalamwezi ya kwanza hajafika hata nusu ya njia ya mtu wa wastani. Sisi tumeshamtangaza kwamba ameshindwa.

Waliotembea nuruni

Je, Ukristo wa kwetu umewahi kuwa na dawa inayofanya kazi siku za wiki? Umewahi, na haikutoka mbali.

Mwezi Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye njaa ya kiroho kama yake. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kusali. Church alirudi Gahini, Rwanda, alikokuwa akiendesha hospitali. Huko Gahini, pamoja na watu kama Yosiya Kinuka aliyefanya kazi hospitalini na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, uamsho ukashika moto miaka ya 1930. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto haukuzimika naye. Ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na mpaka leo kuna wazee katika makanisa ya Kigoma na Kagera ambao wakisikia wimbo wa Tukutendereza ukiimbwa hawabaki wameketi.

Uamsho huo unakumbukwa kwa machozi na nyimbo. Nadhani nguvu yake juu ya tabia ilikuwa katika mambo matatu ambayo hayana kelele.

La kwanza ni kuungama kwa kutaja. Mtu hakusema tu kwamba yeye ni mwenye dhambi. Hilo kila mmoja hulisema na halimgharimu kitu. Alisema: niliiba sukari ya hospitali, nilimpiga mke wangu, nilimchukia bosi wangu. Wao waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Tabia mbaya ni kama dagaa kwa namna yake: ina mienendo ya gizani, na mwanga ukiwa kila mahali inapoteza pa kukusanyikia.

La pili ni kurudisha. Kama Zakayo wa Yeriko aliyeahidi kurudisha mara nne, waliookoka walionekana njiani wakirejesha vitu walivyoiba na fedha walizodhulumu. Kurudisha kuna kazi ambayo maombi peke yake hayaifanyi: kunaitoza tabia bei, na kunaijulisha jamii kwamba mtu ameandika mkataba mpya. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941 na baadaye kuja kufundisha Dodoma, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa akimchukia. Chuki nayo ni tabia. Ina vichochezi vyake na malipo yake. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu aliyeikimbia Uganda baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977, Kivengere aliandika kitabu cha kutangaza upendo kwa Idi Amin. Mtu hawezi kufika hapo kwa mruko mmoja. Alianza na baiskeli.

La tatu ni ushirika wa kila wiki. Ndugu walikutana siku ileile, mahali palepale, watu walewale, na swali lilikuwa lilelile: tangu tulipoachana umetembeaje? Aliyeanguka hakusubiri mkutano mkubwa wa injili wa mwaka ujao. Alikuwa na Jumatano.

Inapendeza kujua kwamba katika miaka hiyohiyo, upande mwingine wa dunia, walevi wawili walikuwa wakigundua jambo la jamaa moja na hili. Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith walianzisha chama cha kusaidiana kuacha pombe, ambacho leo kina vikundi karibu kila nchi. Hatua zao kumi na mbili zina kukiri kwamba peke yangu siwezi, kumtegemea Mungu, kuungama kwa mtu mwingine, kulipa fidia kwa waliodhulumiwa, na kukutana mara kwa mara. Gahini na Akron hazikuandikiana barua. Zilichota kisima kimoja.

Nisiwapambe ndugu wa uamsho kupita kiasi. Kuungama hadharani kuliwahi kugeuka mashindano, wengine wakiona fahari katika ukubwa wa dhambi walizoziacha. Siri zilivuja, ndoa zikatikisika, na waliochelewa kuungama walihesabiwa kuwa wagumu. Hekima ya kutembea nuruni inahitaji kivuli cha staha: mtu mmoja au wawili wanaojua kunyamaza wanatosha kuliko kanisa zima linalojua kusimulia.

Nyumba iliyofagiliwa

Yesu alisimulia mfano ambao, kwa mtu anayehangaika na tabia, ni wa kutisha kuliko mingi. Pepo mchafu anamtoka mtu, anatangatanga, kisha anarudi na kuikuta nyumba imefagiliwa na kupambwa. Anakwenda kuchukua wengine saba waovu kuliko yeye, wanaingia na kukaa, na hali ya mwisho ya mtu huyo inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Luka ameuweka katika sura ya 11. Mathayo anaongeza neno moja la kulizingatia: nyumba ilikuwa tupu.

Nyumba ile haikuwa na kosa la uchafu. Kosa lake lilikuwa utupu. Na hapa turudi kwenye mbalamwezi ya Kagunga. Kuacha pombe ni kufagia. Lakini zile jioni saba au kumi za mwezi mpevu, kijana atazijaza na nini? Kilabu kilimpa pombe, na pamoja nayo kilimpa mahali pa kukaa, watu wa kucheka nao, na habari za bei ya dagaa. Kanisa likimwondolea vyote hivyo na kumpa kiti kimoja cha Jumapili, limemfagilia nyumba na kuacha mlango wazi.

Mitaani Ujiji, Waislamu wameliona hili kwa njia yao. Mwezi wa Ramadhani mtu anafunga, lakini hafungi katika utupu: kuna futari ya pamoja, kuna tarawehe, kuna daku, na ratiba nzima ya siku inageuzwa. Anayezuia nafsi yake amezungukwa na mtaa unaozuia nafsi pamoja naye. Mkristo wa Kigoma anayeishi jirani na hayo mwaka hadi mwaka ana la kujifunza juu ya Kwaresima yake mwenyewe.

Basi hekima inasema nini kwa vitendo? Kwanza, fedha isikae mikononi usiku. Mgawo ukitoka mchana, na uende mchana huohuo: sehemu kwa mama wa nyumbani, sehemu kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, sehemu kwa muuza duka. Kijana mwenye elfu mbili hupita mbele ya kilabu kwa usalama zaidi kuliko kijana mwenye laki mbili na mistari kumi ya maandiko.

Pili, njia ibadilishwe. Kitabu cha Mithali kinamchora kijana mjinga ambaye anguko lake lilianza kwa kupita mtaa fulani jioni fulani. Suleimani hakusema kijana yule angepita pale akisali. Kama kilabu kiko kati ya mwalo na nyumbani, zunguka. Kama ni simu, futa programu, na umkabidhi mtu mwingine namba ya siri ya akaunti ya fedha kwa muda wa mbalamwezi tatu.

Tatu, hesabu ifanywe kwa ukweli. Mkeka wa mechi kumi, hata tukisema kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, unashinda mara moja tu katika mikeka 1,024. Lakini unapochanika kwa mechi moja, ubongo hausemi kwamba umepoteza; unasema nusura. Neno hilo nusura ndilo ndoano. Mvuvi anayejua chambo anapaswa kukitambua pale kilipotegewa yeye.

Serikali nayo iliwahi kutufundisha juu ya umbali wa mkono. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko iliyouzwa kwa bei ya soda na kuingia hadi mifukoni mwa wanafunzi. Marufuku haikuwaponya walevi wote, na gongo haikuomba ruhusa. Hata hivyo ilimwondolea mtoto wa shule kifuko cha pombe kali pale anaponunua pipi. Kila mtu anaweza kujitungia marufuku yake ndogo ndani ya nyumba yake.

Nne, na hili viongozi wa dini walisikie: pale mwili umeshatekwa na pombe, maombi yaende pamoja na daktari. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege na kufa. Hayo si mashetani yanayoaga. Apelekwe zahanati, na ikibidi apande boti hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Luka aliyeandika Injili, kwa mujibu wa Paulo, alikuwa tabibu.

Petro na moto wa makaa

Linabaki swali la anayeanguka tena. Hapa Maandiko yanamsogelea mtu wa Kagunga kwa karibu mno, kwa kuwa mwanafunzi aliyeanguka vibaya kuliko wenzake waliosalia alikuwa mvuvi wa ziwa, tena wa usiku.

Petro aliapa. Alisema hata wote wakimwacha Bwana, yeye hatamwacha. Usiku huohuo, akiota moto wa makaa kwenye ua wa kuhani mkuu, alimkana mara tatu. Kisha katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohana tunamkuta amerudi ziwani, amekesha na hakupata kitu. Kunapambazuka, na ufukweni kuna mtu aliyewasha moto, ameweka samaki na mkate. Yohana anataja tena kwamba moto ulikuwa wa makaa. Katika Injili yake moto huo unatajwa mara mbili tu: pale Petro alipokana, na pale Petro alipoulizwa kama anapenda. Aliulizwa mara tatu, sawasawa na hesabu ya kuanguka kwake.

Naona hekima kubwa katika mpangilio huo. Petro hakuponywa kwa kusahaulishwa. Alirudishwa mbele ya moto uleule, harufu ileile, safari hii akiwa na chakula mkononi na Bwana wake kando. Na hakutakiwa kuapa tena. Aliulizwa swali, kisha akapewa kazi: lisha kondoo. Kiapo cha kwanza kilikuwa juu ya ushujaa wake. Safari hii amepewa watu wa kuwatunza. Walioacha pombe na kudumu watakuambia hivyohivyo, kwamba walisimama imara zaidi siku walipopewa mwingine wa kumshika mkono.

Kwa hiyo kanisa linalomfukuza aliyeanguka kwenye kwaya, bila kumpangia njia ya kurudi, linamnyima moto wa pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyeanguka baada ya siku 40 hajarudi sifuri. Ameishi siku 40 ambazo mwili wake unazikumbuka. La kumuuliza ni kitu gani kilitokea saa moja kabla ya kuanguka, maana hapo ndipo pa kuziba.

Ziwa lilipopumzishwa

Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Sababu ilikuwa wazi: samaki walikuwa wakipungua, na walihitaji nafasi ya kuzaliana. Kwa kaya zinazokula kwa kilichovuliwa jana usiku, haikuwa rahisi hata kidogo. Walioweza kupita kipindi kile kwa unafuu ni waliokuwa na shamba, biashara nyingine au akiba. Asiye na hayo alikutana na nyumba tupu.

Ukihesabu, zile ni siku 92. Ni mbalamwezi tatu. Ni zaidi ya zile siku 66 za wastani.

Ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 lilikubalika kuwa limechoka na linahitaji kupumzishwa kwa tarehe, kwa ulinzi na kwa makubaliano ya majirani wote. Hakuna aliyelisimamisha ziwa mbele ya watu na kulitaka liape kuzaa samaki zaidi. Mwanadamu, ambaye kina chake hakipimiki kwa kamba, anastahili angalau utaratibu huo.

Msomaji, kama una tabia unayoililia, usingoje mkutano mkubwa. Angalia angani leo usiku ujue mwezi uko wapi, kisha kalenda ikuambie mbalamwezi ijayo inaanza lini. Andika tarehe hiyo. Mchague mtu mmoja anayejua kunyamaza, umtajie jambo lako kwa jina lake, na mkubaliane atakupitia jioni hiyo kabla jua halijazama. Fedha yako ya siku hiyo iwe imekwisha kwenda nyumbani. Kisha sali. Mkipita mbalamwezi hiyo salama, msishangilie bado, zimebaki mbili.

Na wewe mchungaji, katekista au mzee wa kanisa unayehudumu kwenye mwalo wowote wa ziwa hili, nakuomba jambo moja: mwezi ukiwa mpevu, fungua mlango wa kanisa usiku na uwashe taa.